Breki Nilikanyaga Mimi

Baba yangu aliendesha roli la kokoto kutoka Lugoba kwenda Dar es Salaam kwa zaidi ya nusu ya umri wake, na katika muda wote huo hakuwahi kugonga mtu, wala mbuzi. Hilo la mbuzi alikuwa akilisema mwenyewe, tena kwa majivuno, kwa sababu mbuzi wa njia ile hawajali honi. Alipostaafu alirudi Bagamoyo, kwenye nyumba aliyoijenga nyuma ya soko, akakaa na mama. Sukari ikamwingia, na baada ya sukari yakafuata macho. Jicho la kulia lilianza kuona ukungu, halafu la kushoto. Siku daktari alipomkataza kuendesha, alitoa leseni mfukoni, akaisogeza usoni mpaka ikagusa pua, kisha akampa mama aiweke sandukuni pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa.

Sisi tumezaliwa wawili, kaka yangu na mimi. Kaka ana duka la vifaa vya ujenzi palepale Bagamoyo. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nafundisha fizikia, na naishi Mapinga peke yangu tangu nilipoachika. Niliponunua gari dogo kaka alinuna. Alisema mwanamke anayeishi peke yake akianza na gari haijulikani ataishia wapi. Baba ndiye aliyemnyamazisha. Alimwambia, "Mimi nimeendesha ili ninyi msome. Huyu amesoma, sasa aendeshe." Akanifundisha yeye mwenyewe, kwenye uwanja wa mpira, macho yake yakiwa tayari hayaoni mbali. Alinifundisha kwa masikio. Alikuwa akijua nimekanyaga nini kwa kusikia injini.

Kila baada ya wiki kadhaa nilimpeleka kliniki ya macho Dar es Salaam. Nililala kwao Bagamoyo usiku wa kuamkia siku hiyo, na baada ya chai ya asubuhi tukaondoka. Safari hizo nilizipenda na nilizichukia. Baba alikuwa haachi kuendesha kwa mdomo. Tukiwa bado hatujatoka mjini atasema, "Badili gia." Nami nitamjibu, "Baba, gari hili halina gia za kubadili." Naye atasema, "Basi hili si gari, ni kiti." Tukifika Zinga atakuwa ameshanikosoa mara kumi. Watu wote nyumbani walijua tabia hiyo. Kaka alikataa kabisa kumpakia, alisema ni kama kumbeba trafiki garini.

Asubuhi ninayoisimulia ilikuwa katikati ya masika. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, ikapungua, ikarudi. Mama alisimama kibarazani amejifunika khanga kichwani, ameshika chupa ya chai ya baba isiyotiwa sukari. Baba, kabla ya kupanda, alifanya alichokuwa akikifanya kila mara: alilizunguka gari akipapasa matairi kwa kiganja, moja baada ya jingine.

"Ya mbele mazuri," alisema. "Haya ya nyuma yamekuwa kipara."

"Nimenunua mapya mawili, nimeyaweka mbele. Si ndiko kwenye usukani?"

"Mapya yakae nyuma. Mbele pakiteleza utajua mwenyewe. Nyuma pakiteleza utajulishwa."

"Nitabadilisha likizo ikifika, baba. Panda, tunachelewa."

Ni kweli tulikuwa tunachelewa. Pale kliniki wanaita majina kwa zamu, na aliyekosa zamu yake hukaa kwenye benchi mpaka alasiri. Lakini sitaki kusingizia kliniki. Niliendesha haraka kwa sababu nilikuwa nimekasirika. Nilikuwa nimeamka na kichwa kinaniuma, nina mitihani ya kusahihisha, na baba alianza kunikosoa kabla hatujaipita stendi. Mara kaa kushoto. Mara mbona umemkaribia hivyo mwenye bajaji. Mara hizo waipa zako zinafuta au zinapaka? Kila aliposema neno, mguu wangu ulizidi kushuka. Nilikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane, na nilikuwa nakanyaga mafuta kama mtoto anayebamiza mlango.

Tulipopita Zinga barabara ilikuwa nyeupe kwa maji. Baba akanyamaza. Akainamisha kichwa kidogo upande wa dirisha, kisha akasema kwa sauti ya chini, si ile ya kukosoa:

"Punguza, mama. Maji yametuama huko mbele."

Baba alipenda kuniita mama. Nikamjibu, "Unayaonaje, baba, na macho hayo?"

Hakukasirika. Alisema, "Siyaoni. Nayasikia. Tairi zimebadili sauti."

Sikupunguza.

Pale barabara inashuka kidogo kisha inapanda, na kwenye ule mshuko maji yalikuwa yamejaa kutoka ukingo hadi ukingo. Tuliyaingia. Kwanza nilisikia kishindo cha maji chini ya miguu yetu, halafu kishindo kikakatika, pakawa kimya. Injini ikanguruma kama iliyofunguliwa kamba. Usukani ukawa mwepesi mikononi mwangu, mwepesi wa kutisha. Niliuzungusha kidogo na gari halikujibu. Nilikuwa nimefundisha msuguano darasani mwaka hadi mwaka. Nilikuwa nimechora ubaoni mishale ya tairi na barabara. Sikujua kwamba msuguano ukiondoka mtu huhisi kama ameachwa mkono.

Baba alipaza sauti. "Achia mafuta! Usiguse breki! Achia tu, shika usukani ulivyo!"

Nilisikia kila neno. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu baadaye watu waliniambia kwa kunifariji kwamba katika hali ile mtu hasikii. Mimi nilisikia, na nilielewa, na mguu wangu ukakanyaga breki mpaka mwisho.

Magurudumu ya mbele yakaishika lami. Ya nyuma hayakushika kitu. Nyuma ya gari ikatupwa pembeni, tukazunguka, nikaona barabara tuliyotoka, halafu majani, halafu gari likatoka njiani ubavu ukiwa mbele na kwenda kuupiga mkorosho kwa mlango wa baba.

Baada ya hapo nakumbuka vipande. Mwanamke aliyetoka shambani na jembe mkononi akirudiarudia "Subhanallah." Vijana wa bodaboda wakivunja kioo. Baba akiniuliza, "Umeumia? Umeumia wewe?" na mimi siwezi kujibu kwa sababu nilikuwa nautazama mguu wake wa kushoto, ulivyolala pasipo pake. Mtu mmoja mwenye pikapu iliyopakia matenga ya kuku aliyashusha yote pale kando ya barabara, kwenye mvua, akatulaza nyuma na kuturudisha Bagamoyo. Mpaka leo sijui kuku wake waliishia wapi.

Hospitali walimkuta na paja lililovunjika na mbavu tatu. Mimi nilikuwa na michubuko ya mkanda na jeraha dogo kwenye nyusi. Baba alikuwa bado kwenye machela ukumbini, wanatafuta kitanda, askari wa barabarani alipofika na daftari lake, buti zikidondosha matope. Akasalimia vizuri, "Shikamoo, mzee," baba akaitika marahaba, na kabla askari hajauliza lolote, baba akasema:

"Afande, andika. Mtoto alikuwa anakwenda polepole. Gari lilitikisika kidogo kwenye maji, mimi nikashtuka, nikaunyakua usukani. Kosa langu."

Askari akanigeukia. "Ndivyo ilivyokuwa, mwalimu?"

Nilifungua mdomo. Mkono wa baba ukanishika kifundo cha mkono na kunifinya, kwa nguvu ambayo sikuidhania kwa mtu aliyevunjika. Ndivyo alivyokuwa akinifinya nilipokuwa mdogo, nikitaka kusema neno baya mbele ya wageni.

"Ndiyo," nikasema.

Askari aliandika, akafunga daftari. Kwake yeye pengine lilikuwa jambo dogo: mzee, mvua, mkorosho. Baadaye niliitwa kituoni mara moja kuhusu gari, nikapewa onyo juu ya matairi, basi.

Mama alifika akiwa na kaka. Alinishika uso kwa mikono miwili, akanigeuza huku na huku, akaona damu kwenye nyusi. Kisha akamwendea baba. Nilidhani atalia. Lakini yule askari alikuwa ameshawaeleza pale mlangoni.

"Umri wote huo," mama alimwambia, "hujajua kukaa kando ya mtu anayeendesha? Lazima kila usukani uwe wako? Ungeniulia mtoto leo!"

"Kweli," baba alisema. "Nisamehe."

"Mwombe huyu msamaha, si mimi."

Baba akanitazama, au alitazama pale alipodhani nipo, akasema, "Nisamehe, mama." Nami nilisimama pale nikaombwa msamaha kwa kosa langu mwenyewe.

Kesho yake nilimkuta peke yake. Walikuwa wamemfunga mguu na kuuning'iniza kwa uzito. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikamwambia siwezi, nitakwenda kituoni nieleze ukweli.

"Ukaeleze nini?"

"Kwamba nilikuwa mbio. Kwamba ulinionya. Kwamba breki nilikanyaga mimi."

"Halafu?"

Nikaanza kulinyoosha shuka lake.

"Sikiliza," alisema. "Wewe una kazi ya serikali. Una leseni ambayo kaka yako anaitafutia sababu. Mimi barabara nimeshaimaliza. Lawama ikiwa kwangu haina pa kunipeleka, nimelala hapa na mguu juu."

"Basi angalau mama ajue."

"Mama yako hana kifua. Leo atajua yeye, kesho atajua shangazi yako, na shangazi yako akijua imetangazwa." Akacheka, mbavu zikamkata, akatulia. "Hasira za mama yako nimezila miaka arobaini. Hazijawahi kunikaa tumboni. Atanuna, atachoka."

Nilikubali. Nasema nilikubali, lakini ukweli ni kwamba nilishukuru. Nilitoka pale mwili wangu mwepesi.

Mama hakuchoka kununa. Alikuja kila siku na uji na supu ya samaki, akamlisha, akamfuta mgongo, akambadilisha shuka. Alimhudumia kwa mikono, uso hakumpa. Maneno aliyomwambia yalikuwa yale ya lazima: fungua mdomo, geuka, umekunywa dawa? Baba alijaribu mizaha yake ya siku zote na mama alijifanya hasikii. Nilikuwa nakaa pembeni nikiyaona hayo, jioni baada ya vipindi, na kila siku nilijiambia akitoka hospitali nitasema, sote tutacheka, tutakunywa chai.

Siku ya kumi na tisa, kabla ya alasiri, mama alikuwa anaondoka kwenda nyumbani kuleta shuka safi. Aliweka bakuli juu ya kabati la kitanda, akafunga khanga. Baba akamwambia, "Unaondoka hivihivi?" Mama akajibu bila kugeuka, "Nitarudi." Muuguzi alisema baba alilalamika pumzi, akaomba ainuliwe kidogo, na kabla hawajamaliza kumwinua alikuwa ameshakata roho. Damu iliganda kwenye mguu uliovunjika ikapanda mapafuni; hivyo ndivyo tulivyoelezwa. Mama alirudi na shuka mkononi. Mimi nilifika baada yake. Nilimkuta amesimama kando ya kitanda, amezikumbatia zile shuka zilizokunjwa, hataki mtu azipokee.

Tulimzika kesho yake baada ya adhuhuri. Madereva wenzake wa zamani walikuja kutoka Lugoba na Chalinze, wazee wenye vifua vipana na migongo mibovu. Wanaume walikaa nje chini ya turubai, sisi wanawake ndani. Mimi nilikuwa karibu na dirisha, na maneno yao yalikuwa yakiniingilia moja kwa moja. Mmoja, ambaye alikuwa rafiki mkubwa wa baba na walipokezana roli moja miaka mingi, alisema kwa masikitiko:

"Ndugu yetu alikuwa dereva, jamani. Lakini dereva akistaafu akubali kukaa kiti cha ubavuni. Kunyakua usukani wa mtu kwenye maji! Yeye, aliyetufundisha sisi!"

Na kaka yangu, mwanawe, akajibu, "Mzee alikuwa hivyo. Alijitakia. Na angeondoka na mdogo wangu."

Nilisikia sauti za kukubali. Nilikuwa na msahafu mapajani. Ningeweza kutoka hadi mlangoni tu, hatua nne au tano, niseme sentensi moja. Nilibaki nimekaa. Baba alikuwa hajamaliza saa mbili kaburini na jambo pekee alilojivunia duniani alikuwa ameshavuliwa, nami ndiye pekee niliyeweza kumrudishia.

Mama aliingia eda. Nilihamia kwake, nikawa natoka Bagamoyo kwenda shuleni Mapinga kila asubuhi kwa basi, kwa sababu gari nililiacha kwa fundi na sikutaka kuliona. Mama alikaa chumbani amevaa nyeupe, akisuka ukili. Alisuka bila kukata, ukili ukajikunja kwenye sakafu kama nyoka. Watu walipokuja kumpa pole aliwajibu vizuri. Nilidhani anapona.

Asubuhi moja ya Jumamosi, mwezi wa pili wa eda, nilikuwa nafagia chumba chake. Akaniita nikae. Akaniuliza, kwa utaratibu, kama anayeuliza bei ya kitu:

"Wewe ulikuwa naye siku nyingi pale hospitali. Alikuwa na mimi radhi?"

"Radhi, mama. Alikuwa radhi."

"Alikuambia?"

"Hakusema hivyo, lakini..."

"Hakusema." Aliendelea kusuka. "Siku kumi na tisa sikumchekea hata mara moja. Siku ya mwisho aliniuliza unaondoka hivihivi, nami nikaondoka hivyohivyo. Nilitaka ajue amenitia hofu kiasi gani. Nilitaka aone. Kila nikisali namuuliza Mungu, mume wangu alikufa akiwa radhi na mimi? Nami, nimemsamehe kweli, au nasema kwa sababu amekufa? Maana bado nina hasira naye, mwanangu. Namwona anaunyakua ule usukani. Kila siku namwona."

Mikono yangu ilikuwa bado imeshika ufagio. Nikauweka chini. Nikamwambia.

Nilimwambia kwamba baba hakuugusa usukani. Kwamba nilikuwa mbio, akaniambia nipunguze, sikupunguza. Kwamba aliniambia nisikanyage breki nikakanyaga. Kwamba yeye ndiye aliyetunga yale maneno, na mimi ndiye niliyesema ndiyo.

Mama aliacha kusuka. Nje muuza maandazi alikuwa akipita mtaa wa pili. Kisha akasema:

"Rudia."

Nikarudia. Safari hii nilimwambia na lile ambalo mara ya kwanza nililificha, lile la macho. Kwamba nilimwambia baba, unayaonaje, na macho hayo.

"Mkono wake ulikuwa wapi?" akauliza. "Gari lilipoanza kuteleza. Mkono wake."

"Mmoja ulikuwa umeshika mkanda wake. Mwingine alikuwa ameuweka mapajani, na chupa ya chai."

"Hakukugusa."

"Hakunigusa, mama."

Akainamisha kichwa. Nilisogea nimshike, akaweka kiganja chake kifuani kwangu, akanisukuma, si kwa nguvu.

"Toka nje," alisema.

Nikatoka. Nilikaa jikoni nikamsikia akilia. Siku ya msiba hakulia vile. Alilia akimwita baba kwa jina lake, jina ambalo mbele yetu hakuwahi kulitaja hata siku moja. Siku zote lilikuwa baba watoto, au bwana wewe. Alikuwa akimwambia, "Mbona hukuniambia? Mbona ulininyamazia? Ningekaa nawe, ningekuchekea, mbona hukuniambia?" Hakula siku hiyo wala iliyofuata. Chakula nilichoweka mlangoni nilikikuta kilivyo.

Siku ya tatu alimwita kaka. Akaniambia mbele yake, "Mwambie mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Nilimwambia. Nilitegemea anipige, au aseme aliyoyasema siku nyingi kuhusu mwanamke na gari. Hakusema lolote kati ya hayo. Alikaa kwenye mkeka, akaweka mikono kichwani.

"Nilimsema baba mbele ya watu," alisema. "Udongo wake haujakauka. Nilisema alijitakia."

"Nilikusikia."

"Ulinisikia?" Akanitazama. "Ulinisikia ukaniacha?"

Hilo ndilo alilonishikia, na ndilo analonishikia hata leo. Lile la breki alinisamehe papo hapo, alisema ni ajali. Dirisha hakulisamehe.

Jumapili iliyofuata tulikwenda Lugoba, kaka na mimi, kwa pikapu yake ya dukani. Njia nzima macho yake yalikuwa barabarani tu. Yule rafiki wa baba tulimkuta uwanjani kwake akiwa na wazee wenzake wawili, roli bovu limekaa kwenye matofali nyuma yao, barabarani malori ya kokoto yakipita na kutikisa ardhi. Walitukaribisha, wakataka kutuletea chai. Kaka akasema, "Chai baadaye. Dada ana neno." Akarudi nyuma hatua moja.

Nikasema, nikiwa nimesimama. Mara ya tatu maneno hayakuwa rahisi zaidi; yalikuwa yamekauka tu. Nilipomaliza, yule mzee alivua kofia yake.

"Astaghfirullah," alisema. "Basi nimemsengenya marehemu. Na nimemsema kwa watu wengi. Hapa stendi nzima." Akaikunja kofia mkononi. Kisha akaniuliza, si kwa ukali, kama dereva anayemuuliza dereva, "Ulikanyaga mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Mguu hauna akili," alisema. "Mimi mwenyewe niliwahi. Mbele yake. Tulikwenda mtaroni na tani za kokoto. Kwa tajiri mwenye roli, baba yako alisema yeye ndiye aliyekuwa usukanini." Akafuta macho kwa ile kofia. "Nilikuwa nimesahau. Mungu anisamehe, nilikuwa nimesahau kabisa."

Wiki hiyo alizunguka kwa wenzake, mmoja mmoja, kuyarudisha maneno aliyoyasema. Najua kwa sababu wengine walimpigia kaka simu. Lakini maneno hayarudi yote. Mwaka uliofuata, dukani kwa kaka, mteja mmoja aliyekuja kununua bati alimuuliza kama yeye ndiye mtoto wa yule dereva aliyenyakua usukani.

Eda ilipokwisha mama alioga, akabadilisha nguo, akaniambia nimsindikize makaburini. Tulikwenda kwa miguu asubuhi, jua likiwa bado la upole. Kwenye lango akaniambia nisubiri. Nilimwona kwa mbali akichuchumaa, akiweka mkono juu ya udongo, mdomo ukienda. Alikaa sana. Alipocheka kidogo nilishtuka. Alikuwa akifunika mdomo kwa ncha ya mtandio, mabega yanamtikisika, na sikujua tena kama ni kicheko au ni kilio. Aliporudi uso wake ulikuwa umelowa, lakini ulikuwa uso wake, ule wa zamani.

"Mimi nimemwambia yangu," alisema. "Nenda wewe."

Nikaenda. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani. Nilisimama upande wa kichwa chake nikasoma Fatiha, nikafika mwisho, na yale niliyoyapanga hayakuja hata moja. Nilitaka kumwomba radhi kwa lile la macho kabla ya mengine yote. Nilifungua mdomo nikasema "Baba," na sauti yangu ikanitisha, ikawa ya mtoto mdogo, nikaufunga. Chungu walikuwa wanapanda kijiti cha alama na kushuka. Nilisimama mpaka miguu ikafa ganzi.

Mama hakuniuliza nilichosema. Alishika njia, mimi nyuma yake. Mama hajawahi kuniambia amenisamehe, wala mimi sijamuuliza. Yapo majuma ananipigia kila siku kujua nimekula nini, na yapo majuma hapokei simu, nami najua amemkumbuka bwana wake. Siku hizo huwa nakwenda hivyohivyo, napiga hodi, nakaa kibarazani mpaka afungue.